Malipo ya saa za nyongeza yaandikwe upande gani?

Sisi wa Commerciale et Gestion tumepewa kurasa hizi, na tumeona vema tueleze jambo moja ambalo linatusumbua wengi katika hesabu ya gharama, na linasumbua vilevile mafundi wa Ankoro ambao hawajakaa katika darasa la Commerciale hata siku moja. Jambo lenyewe ni hili: mshahara wa mfanyakazi, na zaidi sana malipo ya zile saa anazofanya wakati wenzake wamekwisha kurudi nyumbani, yaandikwe upande gani? Ni gharama ya kitu alichotengeneza, ao ni gharama ya ateliye nzima?

Mtu atasema: franka ni franka, zimekwisha kutoka katika sanduku, kuna haja gani ya kuuliza zimepita mlango gani? Ni kweli, sanduku halijui tofauti. Lakini bei utakayomwambia mnunuzi inategemea tofauti hiyo. Tuseme fundi anaombwa na shule bei ya viti vya darasa. Anahesabu mbao, misumari, rangi, na mshahara wa mafundi wawili. Anasahau kapita, zamu, siku mbili ambazo grupu ilikosa mazuti, na zile jioni tatu za kazi. Anataja bei, shule inakubali haraka (bei ya chini sikuzote inakubaliwa haraka), na mwisho wa mwezi anapolipa watu anaona pesa ya viti imekwisha, na mafundi wanadai bado. Hapo wa kwanza kukosa mshahara si yeye aliyehesabu. Ni yule aliyepiga misumari. Njo maana tunasema hesabu hii si ya mtihani tu.

Maneno mawili ya kushika

Vitabu vyetu vimeandikwa kwa Kifaransa, na mtihani wa Serikali utaulizwa kwa Kifaransa, basi tutatumia vifupisho vilevile vya ubaoni. MOD ni main-d'œuvre directe, yaani kazi inayokwenda moja kwa moja katika kitu kimoja kinachojulikana. MOI ni main-d'œuvre indirecte, kazi ambayo inasaidia vitu vyote pamoja na haiwezi kuonyeshwa kwa kidole katika kimoja tu.

Shuka mpaka kivukoni, pale maji ya Luvua yanapoingia katika Lualaba, na utazame watu wanaojenga boti ya mbao. Yule anayepasua ubao wa boti hii, na yule anayeziba nafasi kati ya mbao ili maji yasiingie, saa zao ni za boti hii. Ukiuliza wamefanya kwa nani, utaonyeshwa boti. Hawa ni MOD. Lakini zamu anayelala pale usiku analinda boti tatu, mbao, na kisanduku cha vyombo. Kapita anasimamia wote. Mtu wa magazini anagawa misumari kwa kila anayeomba. Huwezi kusema zamu amelinda boti ya kwanza saa mbili na ya pili saa nne. Mshahara wao ni MOI, na lazima tutafute njia ya kuugawanya.

Wengine darasani wanajifunza kwa kichwa kwamba MOD ni mtu anayegusa kitu kwa mkono. Hiyo inasaidia mwanzoni, lakini itakudanganya. Mwenye kufagia maranda ya mbao anagusa kila kitu, na bado si MOD. Tena kapita aliyetumwa juma zima kusimamia boti moja tu, mbali na nyingine, mshahara wake wa juma lile unaweza kuandikwa katika boti ile bila kugawanywa, hata kama hakushika nyundo. Swali la kweli ni hili: je, naweza kuandika saa hizi katika karatasi ya kitu kimoja bila kufanya hesabu ya kugawanya? Kama ndiyo, ni ya moja kwa moja. Kama lazima nigawanye kwanza, si ya moja kwa moja.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vinalipita mbio, na sisi tunalikazia. Hakuna mfanyakazi aliyezaliwa MOD ao MOI. Inategemea unapima nini. Wazee wa hapa wanakumbuka kampani ya Géomines iliyochimba bati kule Manono. Umeme wake ulitoka kwenye maporomoko ya Piana Mwanga, juu ya mto huuhuu wa Luvua. Mtu aliyekuwa analinda mashini za Piana Mwanga, ukipima gharama ya umeme, yeye ni wa moja kwa moja kabisa: kazi yake ni umeme, hana nyingine. Lakini ukipima gharama ya tani moja ya bati, mshahara wake hauonekani katika bati. Unaingia kwanza katika umeme, halafu umeme unagawanywa kwa machimbo, kwa kiwanda cha kuyeyusha, kwa nyumba za wafanyakazi. Mtu mmoja, mshahara mmoja, na majibu mawili ya kweli.

Ni vilevile kwa treni. Reli ya Kabalo mpaka Kalemie (zamani Albertville) ilimalizika mwaka 1915, na kampani ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, iliendesha pamoja treni na mabuti ya Lualaba. Dereva wa treni ya leo ni wa treni ya leo. Lakini watu wa njia, wale wanaobadilisha mbao za chini ya reli na kukata majani, wanatumikia treni zote zitakazopita. Ukipima gharama ya safari moja, dereva ni MOD na watu wa njia ni MOI. Ukipima gharama ya kutunza kilometa moja ya njia, watu wa njia ndio MOD, na dereva hayumo kabisa.

Basi kabla ya kujibu swali lolote la mtihani, tafuta kwanza wanapima gharama ya nini. Wengi wanaanza kugawanya watu kabla ya kuliona neno hilo.

Saa ndiyo inaandikwa, si mtu

Fundi mbao aliyeajiriwa kutengeneza viti hatengenezi viti saa zote. Anachonga meno ya msumeno. Anangoja umeme. Anaitwa kusaidia kupakua mbao kutoka katika boti. Saa hizo zinalipwa, kwa sababu alikuwa kazini na si kosa lake, lakini haziwezi kuandikwa katika kiti fulani. Zinakuwa MOI, hata kama mtu mwenyewe tunamwita fundi wa MOD. Njo maana kila ateliye inayotaka kujua bei yake inahitaji karatasi ya saa, na si karatasi ya mshahara peke yake. Karatasi ya mshahara inasema mtu amelipwa kiasi gani. Karatasi ya saa inasema saa zilikwenda wapi. Mwisho wa juma karatasi hizo mbili lazima zipatane kwa jumla ya saa. Kama hazipatani, kuna saa iliyoibwa ao iliyosahauliwa.

Mahali wanapolipa kwa kipande, kama kwa watu wa matofali wanaolipwa kwa hesabu ya matofali, taabu hii haiko. Hesabu ya matofali ni hesabu ya mshahara. Hiyo ni MOD safi.

Sasa, saa za nyongeza

Sheria ya kazi ya nchi yetu, Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 (iliyotengenezwa tena sehemu fulani mwaka 2016), inaweka saa 45 kwa juma. Zinazopita hapo ni saa za nyongeza, ao kama tunavyosema nyumbani, masaa ya kupita. Zinalipwa na ongezeko: saa sita za kwanza, 30 kwa mia juu ya mshahara wa saa, zinazofuata, 60 kwa mia, na kazi ya siku ya mapumziko ya juma, 100 kwa mia, yaani mara mbili.

Angalia vizuri neno "ongezeko". Malipo ya saa ya nyongeza yana sehemu mbili, na kosa kubwa ni kuzichanganya. Kuna mshahara wa kawaida wa saa ile, ambao angelipwa hata asubuhi. Na kuna ongezeko juu yake, kwa sababu ya kupita saa 45. Ile sehemu ya kwanza haina ugomvi: kama fundi alikuwa anatengeneza kitu kinachojulikana, ni MOD ya kitu kile. Shida iko katika sehemu ya pili.

Tufanye mfano, na mwenye kalamu afuate. Fundi mmoja, mshahara wake wa saa ni 2.000 Fc (namba tumeichagua ili hesabu iwe nyepesi). Juma hili amefanya saa 53, yaani 45 na 8 za nyongeza. Saa 42 alitengeneza viti 14 vya darasa, saa 8 alitengeneza kabati moja ya mteja, na saa 3 alingoja mazuti ya grupu.

Mshahara wa kawaida: 45 x 2.000 = 90.000
Nyongeza sita za kwanza: 6 x 2.600 = 15.600
Nyongeza mbili zinazofuata: 2 x 3.200 = 6.400
Jumla anayostahili: 112.000 Fc

Sasa tuzivunje kwa njia nyingine. Saa zote 53 kwa bei ya kawaida ni 106.000. Ongezeko peke yake ni 6.000 (mara sita 600, na mara mbili 1.200). Jumla ni ileile 112.000. Katika zile 106.000, saa 50 ni za viti na kabati, basi 100.000 ni MOD. Saa 3 za kungoja ni 6.000, na hizo ni MOI. Imebaki 6.000 ya ongezeko. Tuiweke wapi?

Tuseme kabati ndiyo ilitengenezwa jioni, katika zile saa 8 za nyongeza. Mwanafunzi mwepesi atasema: basi kabati ibebe ongezeko lote. Gharama ya kazi ya kabati itakuwa 16.000 + 6.000 = 22.000. Lakini ngoja. Kama kapita angepanga kabati asubuhi na viti jioni, kabati ingekuwa 16.000, na viti ndivyo vingebeba 6.000. Kabati ni ileile, mbao zilezile, fundi yuleyule, saa 8 zilezile. Mwenye kabati atalipa zaidi kwa sababu gani? Kwa sababu tu zamu yake iliangukia jioni. Hakuomba jioni. Hiyo si haki, na tena si hesabu nzuri, kwa sababu juma lijalo utamwambia mteja mwingine bei nyingine kwa kabati sawa na hii, na wateja wanaongea kati yao sokoni.

Ateliye ilifanya kazi jioni kwa sababu kazi zote pamoja zilikuwa nyingi kuliko saa 45. Basi ongezeko ni la kazi zote pamoja. Linaingia katika MOI na kugawanywa. MOI yetu ni 6.000 ya kungoja na 6.000 ya ongezeko, jumla 12.000. Tukiigawa kwa saa 50 za MOD, kila saa inabeba 240 Fc. Kabati: 16.000 na 1.920, inafanya 17.920. Viti: 84.000 na 10.080, inafanya 94.080, yaani 6.720 kwa kiti kimoja. Jumlisha 17.920 na 94.080, utapata 112.000. Hakuna franka iliyopotea njiani. (Fanyeni uthibitisho huo sikuzote. Anayesahihisha mtihani anautafuta.)

Nani aliyesababisha?

Hiyo ndiyo njia ya kawaida, lakini haiwi sheria kwa kila hali. Swali ni moja: kwa sababu gani watu walibaki jioni?

Kama ni mteja mwenyewe aliyedai. Mkuu wa shule anakuja Alhamisi, anasema viti vinatakiwa kabla ya Jumatatu ya kufungua masomo, na kama haiwezekani atakwenda kwingine. Hapo ongezeko lina mwenyewe. Linaandikwa katika viti moja kwa moja, na ni haki kulitia katika bei, lakini umwambie kabla ya kuanza, si wakati wa kulipa. Katika mfano wetu viti vingebeba 84.000 na ongezeko 6.000, na zile 6.000 za kungoja tu ndizo zingegawanywa kwa wote, 120 kwa kila saa.

Kama ni wingi wa kazi kwa jumla, ni MOI, tumekwisha kuona.

Kama saa za nyongeza zimekuwa desturi, kila juma, mwaka mzima, kwa sababu mafundi ni wachache. Hapo ateliye nyingine zinachukua mshahara wa wastani. Kwetu 112.000 kugawa kwa 53 ni karibu 2.113 Fc, na kila saa inaandikwa kwa bei hiyo. Ni njia rahisi, hatuikatai. Ila tunaona inaficha jambo: bwana mkubwa haoni tena kwamba kila juma analipa ongezeko, na kwamba labda kuajiri fundi mwingine kungemgharimu kidogo zaidi tu, ao hata pungufu.

Na kama ni kosa la ndani ya nyumba. Mazuti haikununuliwa, msumeno ulivunjika na hakuna wa akiba, mbao zilikatwa vibaya na kazi ikarudiwa usiku. Hapo si mteja, wala si wingi wa kazi. Kama ni mambo ya kawaida yanayotokea kila mahali, yanaingia katika MOI. Lakini kama ni hasara isiyo ya kawaida, kama grupu kufa majuma mawili mazima, kuitia katika gharama ya kiti ni kusema uongo kuhusu kiti. Kiti hakikuwa ghali. Ni ateliye iliyopata hasara, na hasara iandikwe kama hasara, mahali pake, ili ionekane. Ukiificha ndani ya bei ya kiti, utampelekea mnunuzi deni la grupu, naye atakwenda kununua kwa mwingine.

Tunajua wengi wanasikia maneno haya: "Saa za nyongeza zinakula faida." Labda. Lakini ukiwa na karatasi ya saa yenye sababu iliyoandikwa, utaona mara nyingi kilichokula faida ni lita ishirini za mazuti ambazo hazikuwako Jumanne. Fundi alingoja Jumanne, akamalizia Ijumaa usiku, na sasa anaambiwa yeye ndiye ghali. Bila karatasi, hana la kujibu.

Swali la jeneza

Mwenzetu mmoja aliuliza darasani, na mjadala ulikuwa mrefu: mtu akifa usiku, na familia inaomba jeneza liwe tayari asubuhi, ongezeko linakwenda wapi? Kwa kanuni tuliyoeleza, jibu liko wazi. Mteja ndiye aliyeomba haraka, basi ongezeko ni la jeneza moja kwa moja.

Wengine walisema hiyo ni ukatili, kumwongezea mjane pesa. Hapo tulitenganisha mambo mawili. Gharama ni kitu kimoja, bei ni kitu kingine. Hesabu inakuambia usiku huu umetumia kiasi gani. Haikulazimishi kumdai mjane kiasi hicho. Fundi Mkristo anaweza kusema, ongezeko nitalibeba mimi. Ni vizuri. Lakini aandike, ajue ametoa msaada wa kiasi gani, na msaada huo utoke kwake, usitoke katika mfuko wa kijana aliyeshika randa mpaka alfajiri. Yule kijana alipwe ongezeko lake lote. Kusaidia wafiwa kwa mshahara wa mtu mwingine si kusaidia.

Mwingine aliuliza kwa mzaha juu ya wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Matayo sura ya 20, walioingia kazini saa ya kumi na moja na kulipwa dinari sawa na waliotoka asubuhi. Ni MOD ao MOI? Kama shamba ni moja na zao ni moja, wote ni MOD, hata wa mwisho. Msimamizi aliyewaita na kuwalipa, mwenyewe hakukata zabibu. Tukipima gharama ya kila sehemu ya shamba, huyo ni MOI. Na ile zaidi waliyopewa wa mwisho si ongezeko la saa za nyongeza, ni zawadi ya mwenye shamba. Mwalimu alicheka akasema tuendelee na somo.

Makato na namba za konti

Juu ya mshahara, mwajiri analipa sehemu yake katika CNSS, ambayo zamani iliitwa INSS. Sehemu ya mwajiri ni 13 kwa mia, na mfanyakazi anakatwa 5 kwa mia. Hizi 5 zinaleta makosa mengi. Zinatoka ndani ya zile 112.000, kwa hiyo si gharama mpya, na tena hazipunguzi gharama. Usiziongeze, usizitoe. Lakini zile 13 ni gharama juu ya mshahara: 112.000 x 13 kwa mia ni 14.560. Malipo ya kazi ya ziada ni sehemu ya mshahara katika sheria, basi nayo yamo. Tunashauri zifuate mshahara wake: 13.000 kwa upande wa MOD, 1.560 kwa upande wa MOI. Ateliye nyingine zinatia zote katika MOI kwa kurahisisha. Katika mtihani fuata maneno ya swali.

Kwa wanaosomea daftari la kaka ao dada mkubwa, mjihadhari. Katika mpango wa konti wa mwaka 1976, gharama za watu wa kazi ziliandikwa katika konti 65, na 66 ilikuwa ya kodi. Nchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012, na katika SYSCOHADA, pamoja na ile iliyotengenezwa upya na kuanza tarehe 1 Januari 2018, gharama za watu wa kazi ziko katika konti 66. Daftari la zamani lina hesabu nzuri lakini namba zake zitakuangusha.

Tena mfahamu kwamba konti 66 haijui MOD wala MOI. Mshahara wa zamu na mshahara wa fundi mbao wanakaa humo pamoja, kwa sababu kontabilite ya kawaida inauliza gharama ni ya namna gani, haiulizi imekwenda wapi. Kugawanya MOD na MOI ni kazi ya kontabilite analitiki, katika klasi 9. Jumla za pande zote mbili lazima zikutane.

Watu walianza zamani kuuliza maswali haya. Mfinyanzi Mwingereza Josiah Wedgwood, mwaka 1772, wakati biashara ilianguka na vyombo vyake vikajaa bila wanunuzi, aliketi kuhesabu gharama ya kila chombo. Aliona kwamba gharama fulani zinaendelea palepale, utengeneze vingi ao vichache, na kwamba bei zake hazikuwa zimefuata gharama za kweli. Katika kuhesabu aligundua vilevile udanganyifu katika ofisi yake ya mahesabu. Na Ufaransa, katika miaka ya 1920, mwanajeshi Émile Rimailho alitengeneza ile njia ya kukusanya gharama zisizo za moja kwa moja katika vituo na kuzigawa kutoka hapo. Ndiyo ile meza yenye mistari mingi tunayochora leo na kulalamikia.

Karatasi ya saa

Walimu wawili wametuomba tuonyeshe karatasi yenyewe, ili hata ateliye ya mtu mmoja iweze kuitumia. Haihitaji mashini. Chukua ukurasa wa daftari, uweke mistari sita ya kusimama: siku, saa ya kuanza na kumaliza, kitu kilichofanywa (kiti, kabati, boti namba fulani, ao "kungoja"), hesabu ya saa, kawaida ao nyongeza, na wa mwisho, sababu. Huo wa mwisho ndio watu wanauacha wazi, na ndio wenye faida kuliko yote. Andika maneno mawili tu: "mteja haraka", "kazi nyingi", "mazuti hakuna", "mbao mbaya". Fundi aandike mwenyewe, kapita atie alama, jioni ileile kabla watu hawajaondoka. Ikingoja Jumamosi, kila mtu atakumbuka alivyopenda. Mwisho wa juma, saa zenye jina la kitu, zote kwa mshahara wa kawaida, ni MOD. Saa zisizo na jina la kitu ni MOI. Halafu chukua ongezeko peke yake, usome sababu: "mteja haraka" inakwenda kwa mteja yule, "kazi nyingi" inagawanywa kwa wote. "Mazuti hakuna", kama ni saa mbili tatu za kawaida, inagawanywa vilevile; kama ni majuma, inaandikwa katika hasara, na mwenye ateliye anaisoma mwenyewe.